Taa nyekundu za misuli zina kipimo, wauzaji wakitaje

Ndugu Mhariri,

Siku hizi ukiingia kwenye jimu za mjini, saluni kubwa au kurasa za wauza vifaa vya mazoezi, hukosi kuiona: paneli ndefu yenye vitaa mia na ushee, inawaka nyekundu kama mkaa uliopulizwa, na mtu kasimama mbele yake na bukta. Ameambiwa dakika ishirini zitamwondolea maumivu ya misuli, zitampa usingizi, zitamng'arisha ngozi na kumpunguza tumbo. Sisi tunaofanya kazi ya fiziotherapia hatuna ugomvi na mwanga wenyewe. Tunacholalamikia ni kwamba kitu kinachofanya kazi kwa kipimo kinauzwa bila kipimo, na hata saa ya kukitumia inatajwa kinyume.

Tuanze na saa, maana ndipo wengi wanapoliwa. Tangazo linasema: ukitoka mazoezini, simama mbele ya taa. Majaribio mengi, hasa ya Brazil ambako kikundi cha Ernesto Leal-Junior kimelishughulikia suala hili kwa miaka, yanaonyesha faida iliyo wazi zaidi pale mwanga unapotangulia mazoezi. Mapendekezo yaliyochapishwa na kikundi hicho mwaka 2019 yanataja kati ya dakika 5 na saa 6 kabla ya kuanza. Kumulika baada ya mazoezi hakudhuru, na wapo wanaopata nafuu kidogo, lakini anayelipa kwa ajili ya mbio za Jumapili anapaswa kumulikwa Jumapili asubuhi kabla hajafunga kamba za viatu. Jumatatu akiwa anashuka ngazi kinyumenyume amechelewa.

Sababu iko ndani ya seli. Mwanga huu haufanyi kazi kama dawa ya kuchua, ambayo unaisikia inawaka papo hapo. Kwenye seli za misuli mna mitokondria, majiko madogo yanayotengeneza nishati ya kukaza msuli, na ndani ya majiko hayo kuna kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidesi ambacho hunyonya mwanga mwekundu na infraredi ya karibu, yaani mwanga uliovuka wekundu kidogo ambao jicho karibu haulioni. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga huibandua oksidi ya nitriki iliyokikalia kimeng'enya hicho, oksijeni ikapata nafasi yake, jiko likachochewa. Kazi hiyo inataka muda, na inafaa iwe imeanza kabla nyuzi za misuli hazijachanika.

Na hayo maumivu yenyewe yanasingiziwa. Utasikia mtu anasema asidi ya laktiki imeganda miguuni. Laktiki hupungua kwenye damu ndani ya saa moja hivi ya kupumzika. Maumivu ya kushindwa kuchuchumaa huanza kesho yake na kufika kileleni kati ya saa 24 na 72, wakati laktiki imeshasahaulika. Chanzo ni majeraha madogo madogo ya nyuzi, na hutokea zaidi pale msuli unaporefushwa huku wenyewe unajaribu kuzuia. Mkimbiaji wa Kilimanjaro Marathon anayeteremka toka upande wa Mweka kurudi Moshi anaitendea hivyo misuli ya mbele ya mapaja kwa kilomita kadhaa: kila hatua ni breki. Basi eneo la kumulika kwake ni hilo, mbele ya paja, pengine na vigimbi. Mgongo haujafanya kosa lolote, hata kama paneli ni ndefu na inaufikia.

Faida yenyewe ni ya wastani, tuseme wazi. Kwenye majaribio yanayofaulu, mtu huongeza marudio machache kabla ya kuchoka, maumivu ya siku ya pili hupungua kiasi, na vipimo vya damu vinavyoonyesha uharibifu wa misuli huwa chini kuliko vya aliyewashiwa taa bandia. Yapo pia majaribio ambayo hayakuona tofauti yoyote. Mengi yana washiriki wachache, na sehemu yake imegharimiwa na watengenezaji wa vifaa. Ila ukiyachambua yaliyoshindwa, mara nyingi unakuta kosa ni lile lile la wauzaji wetu: dozi ndogo mno, au kubwa mno, au mwanga usiofika kwenye msuli.

Namba ya kwanza ya kuuliza, basi, ni urefu wa wimbi, unaopimwa kwa nanomita. Nyekundu inayotumika ni 630 hadi 660. Infraredi ya karibu ni 810 hadi 850, na baadhi ya leza za kliniki hutumia 904. Nyekundu huishia zaidi kwenye ngozi na chini yake kidogo. Kwa msuli mnene wa paja uliofunikwa na mafuta, infraredi hupenya vizuri zaidi. Hapa macho humponza mnunuzi. Taa inayong'aa sana ndiyo anayoiona ina nguvu, kumbe vitaa vya 850 vinaonekana kama vimekufa, vina wekundu wa mbali kama sigara gizani. Wapo wanaorudisha paneli dukani wakidai nusu ya vitaa haviwaki.

Kuvijaribu ni rahisi. Chukua rimoti ya televisheni, bonyeza kitufe chochote huku unaitazama kwa kamera ya mbele ya simu. Ukiona kitone cheupe au cha zambarau kinamweta, kamera yako inaona infraredi. Sasa ielekeze kwenye vile vitaa "vilivyokufa". Vikiwaka kwenye kioo cha simu, ni vizima. Visipoonyesha kitu na tangazo lilisema kuna infraredi, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Jaribio hili halikuambii kama ni 810, 850 au 940; linakuambia kuna kitu au hakuna.

Tusichanganye pia na ile balbu nyekundu ya kulelea vifaranga, ya wati 250, ambayo mafundi wengine wanaifunga kwenye stendi na kuiita tiba ya mwanga. Ile hutoa joto. Joto lina kazi yake kwenye kiungo kilichokakamaa, na hospitali zimelitumia miaka mingi, lakini sehemu kubwa ya mionzi yake imetawanyika nje ya yale mawimbi tuliyoyataja, na ukiisogeza karibu ili upate mwanga wa kutosha utaungua kwanza. Vivyo hivyo zile taa za utepe za kupamba sebule. Wekundu zinao, nguvu hazina.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo yaliyotafsiriwa toka ng'ambo hayaligusi: rangi ya ngozi. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, hunyonya mwanga mwekundu kuliko infraredi. Ngozi nyeusi inachukua sehemu kubwa ya nyekundu juu juu, inapata joto mapema, na kidogo ndicho kinachoendelea chini. Majaribio ya usalama yaliyochapishwa Marekani mwaka 2020 yalipandisha dozi ya mwanga mwekundu wa LED hatua kwa hatua hadi ngozi ikakataa, kwa malengelenge au wekundu usioisha. Kwa washiriki weupe kiwango kilichovumilika kilikuwa jouli 480 (jouli ni kipimo cha nishati) kwa sentimita ya mraba. Kwa wenye ngozi ya rangi, 320. Dozi hizo ziko mbali mno na za misuli, kwa hiyo hakuna wa kuogopa. Lakini mtu wa Tanga au Kisumu anayetaka kufikia msuli achague kifaa chenye infraredi ya kutosha, na asifuate dakika zilizoandikwa kwa ajili ya mtu wa Oslo bila kuusikiliza mwili wake: uvuguvugu ni sawa, kuchoma si sawa.

Namba ya pili ndiyo yenye uongo mwingi. Ni nguvu ya mwanga kwa eneo, inayosomwa kwa miliwati kwa kila sentimita ya mraba, na inatakiwa ipimwe pale ngozi itakapokuwa, si kwenye uso wa taa. Ukiwa nayo, hesabu ya dozi ni ya darasa la saba: zidisha miliwati kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, unapata jouli kwa sentimita ya mraba. Tuseme unataka jouli 10. Taa inayotoa miliwati 40 mahali ulipo itakuchukua sekunde 250, dakika nne na kidogo. Inayotoa 20 itakuchukua sekunde 500, dakika nane na sekunde ishirini. Ule mkanda wa kufunga gotini unaochomekwa USB unapokea umeme wa wati 10 tu, volti 5 kwa ampea 2. Hata nusu yake ikigeuka mwanga, yaani wati 5, na mkanda ukiwa na eneo la sentimita 40 kwa 20, unabaki na miliwati 6 hivi. Hapo jouli 10 zinataka karibu dakika 28. Karatasi ya maelekezo ikisema dakika 10, umepata theluthi na ushee tu ya dozi uliyodhani.

Paneli kubwa nazo tuzikague kwa hesabu hiyo hiyo. Imeandikwa "1500W" kwa herufi kubwa. Hiyo ni jumla ya uwezo wa vitaa kama vingesukumwa hadi mwisho, na hakuna anayevisukuma hivyo kwa sababu vingeungua. Nenda kwenye mita yako ya LUKU. Kuna kitaa chekundu kinachomweta, na pembeni pameandikwa idadi ya mimweto kwa uniti moja, mara nyingi 1000 imp/kWh. Zima vitu vyote nyumbani, friji ikiwemo, washa paneli peke yake, hesabu mimweto kwa dakika moja. Kifaa kinachokula wati 1,500 kingemwetesha mita mara 25 kwa dakika. Ukihesabu mitano, kinakula wati 300. Mita yako ikiwa na 1600 au 3200, rekebisha kwa uwiano huo.

Endelea na hesabu. Wati 300 za umeme, tuwe wakarimu tuseme nusu inatoka kama mwanga na nyingine inageuka joto linalopulizwa na feni: wati 150. Paneli ina sentimita 90 kwa 20, ni sentimita za mraba 1,800. Gawanya, unapata wastani wa miliwati 83, na hapo ni kwenye kioo chenyewe kabla mwanga haujatawanyika. Katikati ya paneli pataizidi kidogo hiyo 83, pembeni patapungua. Sasa muuzaji anayekuambia "miliwati 200 kwa umbali wa sentimita 15" mwombe akuonyeshe huo umeme wa ziada unatoka wapi. Wengi wao hawadanganyi kwa makusudi. Wamepima kwa kile kipimo cha bei nafuu cha mafundi wa sola, ambacho kimesetiwa kwa mwanga wa jua na hutia chumvi kinapokutana na nyekundu na infraredi.

Kosa lingine la hesabu linawakuta hata wenzetu wa taaluma. Kuna jouli, na kuna jouli kwa sentimita ya mraba. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2018 ulipendekeza jouli 20 hadi 60 kwa kundi dogo la misuli, kama la mbele ya mkono, na 60 hadi 300 kwa kundi kubwa, kama la mbele ya paja. Hizo ni jouli za jumla, na zilitolewa kwa kichwa cha leza au LED kilichobanwa kwenye ngozi, nukta kwa nukta. Chukua kichwa kinachotoa miliwati 500: ukikibana sekunde 60 umetoa jouli 30. Nukta sita kwenye paja la mbele, mbili juu kidogo ya goti, mbili katikati, mbili kuelekea nyonga, zinakupa 180, na umetumia dakika sita kwa mguu. Kwenye mkono nukta mbili zinatosha, jouli 60. Kubana kuna maana yake: mwanga unaodunda kwenye ngozi unapungua, na damu ya juu juu, ambayo nayo hunyonya mwanga, inasukumwa kando.

Paneli haibanwi, na mwanga wake umesambaa. Ndiyo maana huwezi kuchukua "300" ya kichwa cha kliniki ukaifanya 300 kwa kila sentimita mbele ya paneli, hapo umejipikia. Kwa paneli sisi tungeanza na jouli 5 kwa sentimita ya mraba kwa eneo moja, mara tatu kwa wiki, tukapanda hadi 10 ikiwa ngozi haijalalamika. Kuongeza zaidi kwa kudhani zaidi ni bora ni kujirudisha nyuma. Mwanga huu una tabia inayofahamika vizuri maabara: kidogo hakifanyi kitu, cha kati kinachochea, kingi kinafifisha kile kile kilichochochewa. Wanaosimama dakika 40 kwa sababu wamelipia saa nzima wanaangukia upande huo wa tatu.

Utaratibu wenyewe nyumbani hauna mambo mengi. Ngozi iwe safi, kavu na wazi. Jezi, taiti na hata kanga nyepesi vinazuia mwanga. Futa kabisa dawa ya kuchua yenye mentoli, kwa sababu ngozi iliyopakwa haitambui vizuri joto na inaweza kuungua bila wewe kustuka. Umbali ndio unaowashinda watu, kwa kuwa mtu hukaa sentimita 15 leo, kesho 40, huku anaangalia simu. Funga uzi wa sentimita 15 kwenye fremu ya paneli, ncha yake iguse paja, basi. Kaa kwenye kigoda, misuli ikiwa imelegea. Vaa miwani ya kuzuia mwanga hata kama huangalii taa moja kwa moja: infraredi haionekani, kwa hiyo jicho halijikunyati kujikinga. Kwa leza za kliniki za daraja la 3B, zenye nguvu ya kudhuru jicho, miwani ni lazima kwa wote waliomo chumbani, mgonjwa na mtaalamu, na iwe ya urefu wa wimbi ule ule. Miwani ya jua haihusiki. Mwaka 2023 liliripotiwa tukio la msichana wa miaka 12 aliyeharibika retina baada ya kutumia kifaa cha mwanga mwekundu cha kutibu macho kutoona mbali. Hizo zilikuwa dakika chache kwa siku, zikielekezwa machoni.

Umeme usitutishe. Wati 300 kwa dakika 10 ni uniti 0.05, yaani mara ishirini ndiyo uniti moja. Kinachoua vifaa hivi ni volti. Kilichotoka Marekani kikiwa kimeandikwa 110-120V pekee kitalipuka kwenye soketi yetu ya 230. Tafuta kilichoandikwa 100-240V, na kama umeme wa mtaani kwenu unapanda na kushuka, kiweke nyuma ya gadi kama ufanyavyo kwa friji. Feni ikiziba vumbi vitaa vinapata joto na mwanga unapungua taratibu bila kuzimika, hivyo kila mwezi chomoa plagi, puliza matundu ya nyuma kwa brashi kavu.

Wako wasiopaswa kumulikwa bila kuzungumza na daktari. Eneo lenye saratani au lililowahi kuwa nayo haliguswi. Tumbo la mjamzito pia tunaliacha, kwa tahadhari. Wenye porfiria (ugonjwa unaoifanya ngozi isivumilie mwanga), lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili), au kifafa kinachoamshwa na mwanga unaomweta, wasijaribu wenyewe. Dawa zinazoifanya ngozi isivumilie mwanga ni nyingi. Doksisaiklini, antibiotiki ambayo watu hununua duka la dawa kama pipi, tatizo lake kubwa ni jua, lakini ngozi iliyokwisha kuchokozwa usiipelekee taa nyingine. Aliyepewa methilini bluu asisogee kabisa, kwani dawa hiyo hunyonya hasa nyekundu ya 660. Michoro ya tatuu nyeusi hupata joto kuliko ngozi ya pembeni, izungukie.

Na kuna maumivu ambayo si ya kumulikwa hata kidogo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au ya kola siku moja au mbili baada ya mazoezi mazito, misuli imevimba na haina nguvu, hiyo ni misuli inayooza na kuziba figo. Hospitali siku hiyo hiyo. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma hata ukikaa, hasa baada ya safari ndefu ya basi au ndege, inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Kuchua na kumulika vyote viwekwe kando. Aliyesikia mlio kisiginoni kama amepigwa jiwe kwa nyuma alazwe kifudifudi, miguu ikining'inia ukingoni mwa kitanda, abanwe kigimbi: unyayo unatakiwa uchomoke kidogo kuelekea chini. Usipocheza, kano imekatika, na kila wiki ya "kuendelea na mwanga" inaifanya kazi ya daktari kuwa ngumu.

Kuhusu afya kwa jumla, hapa tutapita haraka kwa sababu ahadi ni nyingi na mzigo ni mdogo. Usingizi: kuna jaribio dogo la China la mwaka 2012, wachezaji 20 wa kike wa mpira wa kikapu, dakika 30 kila usiku kwa siku 14, nao waliripoti kulala vizuri zaidi. Ni watu 20. Nywele: FDA, mamlaka ya chakula, dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu chanuo la leza mwaka 2007 kwa upara wa kurithi, na linataka matumizi ya miezi mingi. Mikunjo ya uso: nafuu ipo, ndogo. Homoni za kiume kwa kusimama utupu mbele ya paneli: hakuna jaribio la binadamu la kutegemewa, na joto kwenye korodani linajulikana kwa kupunguza mbegu. Kitambi tusikizungumzie.

Ajabu ni kwamba matumizi yenye ushahidi mzito kuliko yote hayo hayatangazwi na mtu. Ni kuzuia vidonda vya mdomoni kwa wagonjwa wa saratani wanaopata mionzi au dawa kali, vile vidonda vinavyomfanya mtu ashindwe kumeza hata uji. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilitoa mwongozo juu ya matumizi hayo mwaka 2018, na miongozo ya kimataifa ya huduma kwa wagonjwa wa saratani inayapendekeza. Kifaa ni kidogo, hakipendezi kwenye picha, na anayekihitaji hana nguvu ya kupiga selfi.

Majina makubwa nayo yanatumika ovyo. Ni kweli Niels Finsen wa Denmark alipata Nobel mwaka 1903 kwa tiba ya mwanga, lakini aliipata kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga mkali wa taa ya umeme ya makaa, na kilichofanya kazi pale hakikuwa wekundu. Mwanzo wa habari yetu ni Endre Mester wa Budapest, ambaye mwaka 1967 alimulika panya walionyolewa kwa leza ya rubi, akichunguza uhusiano wa leza na saratani, akaona manyoya yanarudi upesi upande uliomulikwa. NASA inatajwa kwa sababu taa za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya kuotesha mimea angani zilikuja kujaribiwa kwenye vidonda. Hilo haliifanyi paneli ya Kariakoo kuwa ya NASA. Na neno "FDA" kwenye boksi mara nyingi ni usajili wa kiwanda, au ruhusa kwa maumivu madogo ya misuli kwa kuwa kifaa kinafanana na kingine kilichotangulia. Kwa Tanzania Bara, kifaa kinachouzwa kwa jina la tiba kinaulizwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba; Zanzibar wana wakala wao.

Mwenye fedha ya kununua paneli ahakikishe kwanza vitu vitatu vinavyoitangulia: usingizi wa saa saba hadi tisa, wanga wa kutosha baada ya mbio, na protini kama gramu 0.3 kwa kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 18, yaani mayai matatu. Bila hivyo mwanga unachochea jiko lisilo na kuni.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Dawati la matangazo limtake kila anayeleta tangazo la taa hizi aandike namba nne: nanomita, miliwati kwa sentimita ya mraba, umbali ilipopimwa, na dakika. Asiyekuwa nazo, tangazo lake liingie ukurasa wa mapambo ya nyumba, pale penye mapazia.

Wataalamu wawili wa fiziotherapia,
Dar es Salaam